Waambie Kabla Hawajala

Akheri, Jumamosi mchana

Mwanangu Aneth,

Wewe bado uko Kijenge kwa shangazi yako, unafunga mizigo. Mimi nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, karatasi mapajani, nasikiliza sufuria inavyotokota. Jioni utafika pamoja na watu wa jumuiya wanaokuja kukuombea safari, na kesho alfajiri ni basi la Dodoma. Barua hii nitaisukumia chini kabisa ya mkoba wako. Isome ukishapita Babati, mahali ambapo hata ukitaka kugeuka utaona aibu.

Sitakukumbusha kusali wala kula mboga. Hayo nilishasema mpaka ukaota nywele sikioni. Nataka kukuambia mambo mengine, na nakuonya mapema kwamba barua hii si tamu. Nina kinyaa, mwanangu. Nimekaa nacho muda mrefu nikikiita uchovu.

Nianze na Jumapili ile. Ulitoka kanisani ukanikuta jikoni nimeinama kwenye mafiga napuliza moto wa makande, kuni mbichi, moshi umejaa hadi mlangoni. Kikohozi kikanishika, kikakataa kuniachia, mpaka nikakaa chini kwenye majivu na gauni langu la ibada. Uliponiinua ukasema, "Mama, mimi Dodoma siendi. Nitawaandikia. Nitatafuta kazi ya kufundisha hapo jirani, Usa, nikae na wewe." Nilinyamaza kwa sababu pumzi ya kukujibu sikuwa nayo. Leo ninayo, kwa hiyo jibu lenyewe ni hili: utakwenda.

Umepata kazi kwenye ofisi inayoandika sera ya nishati ya nchi hii. Baba yako amewatangazia hata wauza nyanya wa Tengeru ambao hawakumuuliza. Ukiiacha ili uje kunipulizia moto, tutakuwa wawili wenye vifua vibovu, na sera itaandikwa na mtu ambaye jiko la kuni amelionea kwenye kalenda. Hilo sitalikubali nikiwa hai, na wewe unajua nilivyo mbishi.

Daktari aliyenipima mjini ni kijana wa umri wako. Aliniuliza, "Mama, unavuta sigara?" Nikamwambia mimi ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, sigara nimeziona kwenye mifuko ya wanafunzi wa darasa la saba tu. Akauliza tena, "Unapikia nini?" Nikasema kuni. Akaweka kalamu chini. "Basi ndiyo sigara yako hiyo, na umeivuta tangu utoto." Akanipa dawa ya kuvuta mdomoni, akaniambia nisikaribie moshi. Nikatoka nje. Nyuma ya wodi, ndugu wa wagonjwa walikuwa bandani wanapika uji kwa kuni, na moshi wote unaingia madirishani kwa wagonjwa wa kifua. Nilisimama nikaangalia. Watu walipita na vyombo vyao, wakanisalimia, na hakuna aliyeona ajabu.

Wala nisijitoe. Nilifundisha jiografia mpaka nikastaafu, na nimewaimbisha watoto utajiri wa nchi hii kama wimbo wa kwaya: gesi asilia kusini, makaa ya mawe, mito ya kuzungusha mitambo, upepo wa Singida, jua kila mahali, joto chini ya milima kama huu wetu. Watoto walishika, wakafaulu. Na watoto hao hao walikuwa wanakuja asubuhi na ukuni begani kwa ajili ya uji wa shule, ndiyo ilikuwa sheria. Asiyeleta ukuni nilimrudisha nyumbani. Mimi huyu. Namrudisha mtoto kwa kukosa ukuni, halafu nageuka naandika ubaoni: Tanzania ina vyanzo vingi vya nishati. Chaki haikunivunjikia mkononi hata siku moja.

Ukienda Terrat kwa mama yako mdogo, nyaya kubwa za umeme zinapita juu ya boma lake zikivuma. Majirani wanaziita wapita njia. Taa anayo, simu anachaji, sikatai, lakini jiko lake ni la mkaa na mkaa huo unatoka kwenye miti tunayoililia kila mvua ikichelewa. Umeme wa kuchemshia maharage, kwa bei yake, anauogopa kuliko simba. Wanaomcheka hawajawahi kuchemsha maharage.

Sasa nikueleze habari ya mtambo wetu, maana wakati ule ulikuwa bweni, na umeisikia vipande vipande kwa baba yako, ambaye kila akisimulia anajiongezea.

Walikuja watu wa mradi wa biogesi. Mradi wenyewe ulishakufa, tuuache upumzike. Walikuwa wanatafuta kaya ya mfano. Sisi tulikuwa na ng'ombe wanne wa bandani, mama wa nyumba ni mwalimu, na barabara yetu inapitika hata masika. Hiyo ya barabara ndiyo ilikuwa sifa yetu kuu, nilikuja kuijua baadaye: gari la mgeni rasmi lisingekwama. Wakachimba shimo nyuma ya banda, wakajenga kuba ya matofali chini ya ardhi, wakaunga bomba. Mavi ya ng'ombe yanakorogwa na maji, yanaingia, yanaoza, gesi inapanda inakwenda jikoni. Fundi akasema tukiunga na choo gesi itaongezeka. Nikamwambia unga. Sikuona kwa nini tutupe kitu ambacho nyumba nzima inakizalisha kila siku bila kuhimizwa.

Kukoroga ilikuwa kazi yangu. Bwana mdogo wa mradi aliyenifundisha alisimama mbali ameziba pua kwa leso, ananielekeza kwa kidole. "Mama, vunja mabonge. Vunja mabonge yote." Nikavunja kwa mikono yangu.

Uzinduzi ukapangwa kabla gesi haijapanda. Kuba inahitaji majuma ijae, lakini mgeni rasmi hana majuma, ana Alhamisi. Asubuhi ile bwana mdogo akaja na mtungi wa gesi wa dukani kwenye buti la gari. Akauficha nyuma ya ukuta wa jiko, akaufunika kwa majani ya migomba, akapenyeza mpira kwenye tundu, akaunga kwenye jiko letu jipya la pleti mbili. Mgeni rasmi akakata utepe, akawasha kiberiti, moto wa buluu ukaruka, watu wakapiga makofi. Wapiga picha wakamwomba azime awashe tena, akawasha tena. Kisha nikapewa kipaza sauti nitoe neno la shukrani.

Nikashukuru, Aneth. Nilishukuru vizuri mpaka mgeni rasmi akafuta jicho. Mavi hayajatoka kwenye kucha zangu, nimesimama mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu, nashukuru mtungi. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Huyu alikula kuku wetu, akaondoka, na mtungi ukarudishwa kwenye buti kabla vumbi la msafara halijatulia.

Gesi yenyewe ilipopanda, hakuna aliyekuja kuiona. Niliwasha peke yangu alfajiri, moto safi, hauna masizi, hauna moshi, nikachemsha chai ya maziwa nikakaa nikaiangalia. Nililia pale jikoni, na kwa mara ya kwanza haikuwa kwa ajili ya moshi.

Wakanichukua tena, kama mama wa mfano, kwenda kwenye mkutano mjini, kwenye hoteli yenye mazulia. Katikati ya hotuba ya nishati safi umeme ukakatika. Jenereta likanguruma huko nyuma, likatema moshi mweusi mpaka kwenye vioo, na msemaji akaendelea palepale alipoishia bila hata kutabasamu. Mchana tukaletewa nyama choma. Nilikwenda kutafuta choo, nikakosea mlango, nikatokea uani kwa wapishi. Magunia ya mkaa yalikuwa yamepangwa kufika darini. Nikarudi mezani. Jirani yangu, mtaalamu mwenye kitambulisho shingoni, akaniinamia akaniambia kwa upole, "Unajua mama, tatizo kubwa la wanawake wa vijijini ni uelewa." Alikuwa na mafuta ya mbuzi kidevuni. Nilikaa nikiyaangalia yanavyoteremka kuelekea kwenye tai yake, nikasukuma sahani.

Utakaa meza moja na watu hao. Sikutumi ukawatukane, utafukuzwa kabla hujazoea joto la Dodoma, na wengine si wabaya, wameshiba tu. Ila ukienda kutafuta choo kwenye mikutano yenu, potea njia kidogo.

Halafu ikaja posa ya dada yako Happy, na hapa ndipo nilipoharibu.

Wakwe walitoka Machame, gari mbili, wazee kwa akina mama, na mbege yao, pombe ya ndizi. Nilipika ndizi, nyama, wali, kila kitu kwa gesi ile. Walikula wakasifu. Mzee mmoja, baba mkubwa wa kijana, akasema hajawahi kumwona mama aliyepikia ugeni mkubwa hivi na bado macho yake si mekundu. Baba yako hapo akashindwa kukaa. "Njooni niwaonyeshe siri," akasema. Nilimkonyeza, nikamkanyaga, hakuelewa. Akawapeleka nyuma ya banda, akawaonyesha kuba, akawaonyesha koki, akawaonyesha bomba la ng'ombe. Angeishia hapo. Lakini baba yako akianza sifa hashukii njiani. Akawaonyesha na bomba la choo.

Yule mzee akarudi polepole kwenye kiti chake. Akaomba maji. Akasukutua, akatema kwenye shina la mkahawa, akasukutua tena. Akina mama aliofuatana nao wakaanza kuweka sahani chini, huyu, na huyu, bila neno. Unajua desturi, yetu na ya Wachaga ni moja hapo: mkwe akikataa chakula chako amekukataa wewe na binti uliyemzaa. Hakuna ambalo lingezungumzwa siku ile mpaka wapikiwe upya. Majirani wakatega mafiga katikati ya uwanja, mbuzi mwingine akachinjwa, na wakwe wakavuta viti wakakaa kuuzunguka moto mpaka giza, wakihakikisha kwa macho yao kwamba kinachowaka ni kuni. Happy alikuwa chumbani anasikia yote.

Na bibi yako, mama mzaa baba, alijua siku hiyo hiyo. Alikuwa amekunywa chai ya moto ule miezi yote akijua ni wa ng'ombe tu. Akasimama mbele ya wakwe akaniambia, "Mwalimu, umenilisha choo."

Happy aliolewa, Mungu ni mwema, na yule mzee siku hizi ananitania. Lakini mimi kesho yake nilimwita fundi akaziba bomba la choo kwa saruji. Bomba likazibika, midomo haikuzibika. Wanawake wa kanisa wakija kwangu wote wamefunga, sijawahi kuona Walutheri wanaofunga vile. Watoto wakipita wanaimba gesi ya choo. Bibi yako akawa anapikia kwake chumbani kwa mkaa, mlango umefungwa. Nikachoka. Nikaacha kukoroga, nikarudi kwenye mafiga nikapuliza, na chai yangu ikaanza kunyweka tena. Ilinuka moshi, na kwetu moshi hauna aibu.

Miaka yote hiyo niliwachukia waliosukutua. Nilikuwa nawaona washamba, watu wa kuogopa bomba wasiogope kifo. Kikohozi ndicho kilichonifundisha, maana mtu akikohoa usiku hana la kufanya ila kufikiri. Kinyaa chao hakikuwa ujinga. Mtu ana haki ya kujua kinachoivisha chakula chake kabla hajakitia mdomoni, hata kama moto ni moto na haubebi kitu. Kosa langu halikuwa bomba. Niliwalisha kwanza, wakaja kuambiwa wameshameza. Na mbaya zaidi waliambiwa kwa majivuno. Ningewakalisha kabla ya sahani, nikasema hivi na hivi, huenda nusu wangekataa, na wanaobaki wangekuwa wangu mpaka leo.

Nilijifunza kwa nani? Kwa bwana mdogo wa mtungi. Washa kwanza, wapige makofi, mengine watajua wenyewe. Nilisimama pale nikashukuru, na nilichokishukuru kikanikaa mwilini.

Nasikia redio, naona mabango ya nishati safi ya kupikia, na jambo lenyewe ni jema, mimi naliunga mkono kwa mapafu yangu yote yaliyobaki. Kinachonitia kichefuchefu ni namna. Sebuleni kwetu upo mtungi mdogo tuliogawiwa kwenye mkutano, pamoja na aproni yenye sura ya mtu. Hakuna aliyetuambia utakwisha kabla hatujachemsha makande mara ya tatu, wala tutaujazaje. Ukaisha. Nikauosha, nikaufumia kitambaa, sasa unabeba redio. Nyumba nyingi za hapa zina mtungi wa namna hiyo, na ninaamini kila mmoja umehesabiwa mahali kama jiko linalowaka. Utakapoiona hesabu hiyo mezani kwako, kumbuka kitambaa changu.

Wanaopanga majiko ya nchi wanapima kwa chai na mayai, mwanangu. Sisi tunakula makande. Makande yanachemka kutwa, hayana haraka na hayamwogopi mtaalamu. Mama anarudi kwenye kuni si kwa sababu hana uelewa, ni kwa sababu anajua mahindi. Siku mkikaa kuandika habari za gesi ya baharini na mabwawa na nyaya za kwenda nchi jirani, mtu mmoja humo ndani aulize mahindi yataiva na nini. Wakikucheka, waache wacheke. Halafu uulize tena kesho yake.

Nakuja kwenye nilichofanya. Jumapili ile ulipoondoka umevimba macho, niliita fundi. Alifukua kuba, akakuta ni nzima, imeziba mdomo tu. Ng'ombe siku hizi ni wawili, mavi yao hayatoshi kuivisha makande, kwa hiyo nikamwambia avunje saruji ya bomba la choo. Baba yako alikuwa amesimama pembeni na mikono nyuma. Akasema, "Mama Happy, safari hii mimi simwonyeshi mtu." Nikamwambia safari hii nitawaonyesha mimi.

Hujui, kwa sababu tangu siku ile ulikuwa unahangaika na vyeti mjini na hukukanyaga huku. Moto unawaka tangu mwezi uanze. Nakoroga mwenyewe kila asubuhi, na mabonge navunja. Daktari alinikataza moshi, habari za mavi hakuzitaja.

Bibi yako nilimwambia siku ile ile moto ulipowaka, kabla sijamwekea chai. Akaisukuma. Tangu hapo anaishi kwa ndizi mbivu na maziwa mabichi, na haniangalii.

Leo nimepika loshoro. Mahindi yamechemka tangu alfajiri kwenye moto huo, ndizi zimeingia, mtindi unasubiri. Mafiga nimeyatoa jikoni nikayaegemeza kwenye migomba pale mbele, mtu asije akajidanganya. Kabla ya sala ya chakula nitasimama niwaambie jumuiya nzima moto umetoka wapi, bomba la kwanza na bomba la pili. Baba yako ananisihi tangu asubuhi. "Waambie baada ya kula, mama, watu wanatoka shamba na njaa." Nimemwambia hilo tulishalijaribu.

Sitakudanganya, naogopa. Ni jioni yako, na pengine nitaiharibu. Pengine sufuria itarudi jikoni imejaa na utaondoka kesho watu wakicheka. Lakini siwezi kukutuma Dodoma ukaseme kweli mezani kwa wakubwa huku mimi nawafichia watu wa Akheri kilicho chini ya sufuria.

Lango linalia. Ni wewe, nasikia shangazi yako anavyolalamika tope.

Baada ya wageni

Wewe umelala. Naongeza kidogo.

Uliona mwenyewe nilivyosimama nikawaambia yote, bomba la kwanza na la pili. Mwenyekiti wa kitongoji, aliyepiga makofi kuliko wote siku ya mtungi, akakumbuka kwamba ameshakula kwake, akaanza kutafuta kofia. Wakamfuata wengi. Walikuaga vizuri lakini, hawakukosa adabu, na hakuna aliyetema. Nimewahesabia hilo kama heshima, kwa sababu niliwapa nafasi ya kukataa na wakaitumia.

Kisha wewe ukainuka na sahani. "Mama, niwekee nyingi." Sitasema nilivyojisikia, unisamehe. Shangazi yako akaja nyuma yako amefumba macho kama anayenyweshwa dawa ya minyoo. Mwinjilisti alikiombea chakula, akamaliza, akakiombea tena, halafu akala akaongeza. Yule kijana wa duka la dawa za mifugo akaniuliza kama ng'ombe mmoja na familia kubwa vinatosha, na atakuja Jumatatu kuangalia. Zaidi ya nusu ya sufuria imebaki. Wataipata ng'ombe, itarudi ilikotoka.

Ambalo hukuliona ni hili. Ulipokwenda kulala nilibaki jikoni naosha sufuria. Bibi yako akaingia na mkongojo wake. Hajakanyaga jiko langu tangu moto uwake. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika, akasimama anaangalia chai ninayomchemshia baba yako, ule moto wa buluu chini yake. Nikajiandaa.

"Mimi sitakula," akasema. "Nitakufa sijakula cha moto huu."

"Sawa, mama. Kesho nitakuwashia mafiga uani."

"Nani awashe? Wewe?" Akauegemea mkongojo. "Chumba changu na chako ni ukuta mmoja. Miaka yote nalala nakusikia unakohoa. Juzi niliamka usiku sikusikia kitu. Nikajua umekufa. Nikaja mlangoni kwako nikasimama kwenye baridi nikisikiliza, mpaka nikasikia unakoroma."

Nikashika sufuria nikaanza kuisugua tena. Yeye alikuwa hajamaliza.

"Ndizi zangu zinanitosha. Hicho kitu chako usikizime."

Akageuka akaenda kulala. Nimekaa hapa na chai imepoa.

Kwa hiyo nenda, Aneth. Usiniandikie kwamba unarudi kunipulizia moto. Hapa hakuna moto wa kupuliza.

Mama yako